Sakafu Niliyoipaka Mwezi wa Sita

Ikombe, Ijumaa mchana

Mwanangu Bupe, Mama Ambokile,

Nakusalimu kama mtu aliye mbali, ingawa saa hii uko Kyela mjini na mdogo wako Tumpe mnatafuta blanketi la mtoto, na begi lako liko hapa miguuni pangu halijafungwa. Barua hii naiweka chini ya nepi, mahali ambapo utafika mapema tu. Ukiisoma mtakuwa ndani ya basi, labda mmeshapita Tukuyu. Pole na safari.

Baba yako anakusalimu sana. Mguu wake bado unamuuma akitoka kulala, ila mchana anatembea. Bibi yako anakusalimu, hajambo, ameuliza mara nne tangu asubuhi kama huko Makete kuna samaki, na mara zote nne nimemjibu hakuna, naye anasema basi mtakufa. Tumpe anakusalimu, atakulilia wewe lakini atalifurahia godoro lako. Shangazi yako wa Ndandalo anakusalimu, na anasisitiza lile koti la mtumba ulivae, usilione aibu. Baba yako kasema ukilivaa na hayo manyoya shingoni ng'ombe wa Wakinga wa huko watakukimbia. Kuku wako wa madoa ameangua saba. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Mjukuu wangu Ambokile simtumii salamu kwa sababu yuko mgongoni kwangu, amelala, na pumzi yake naisikia kwenye shingo ninapoandika.

Unanijua, mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nne, kalamu kwangu ni nzito kuliko mtwangio. Barua hii nimeianza mara tatu, karatasi ya pili mwanao ameikojolea. Mambo ya soksi, ya sweta, ya kumpaka mtoto mafuta, hayo sitayaandika, shangazi yako ameyasema mpaka tumechoka. Mimi nina jambo moja. Nilitaka kulisema kwa mdomo, na tangu Jumatano nimekufuata kama kifaranga, ukigeuka nasema nilikuwa natafuta kijiko.

Ni habari ya ile simu ya Jumatano.

Baba Ambokile alipiga kutoka huko, ukaweka sauti kubwa wote tusikie. Alisema kwa furaha kwamba amepata vyumba viwili karibu na shule utakayofundisha, kwa bibi mmoja, nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, ina dari, na jiko lake halizimwi moto. Akasema bibi mwenyewe anaitwa Mama Twilumba. Wewe ukasema, "Yule aliyemla kaka yangu? Mimi na mwanangu hatulali kwa mchawi."

Akasema, "Mke wangu, huyu ni kikongwe, hata meno hana."

Ukasema, "Kazi yake haihitaji meno."

Tumpe alicheka, hata mimi nusura nicheke. Ndipo ukamwambia akatafute kwingine, naye jana kapata ile nyumba ya kule juu kilimani, ya matofali ya saruji, haijapigwa lipu, haina dari, chini ya mlango unapitisha mkono mzima. Mkakubaliana. Ukanigeukia ukaniuliza, "Mama, si ndiye yule?" Mimi nilikuwa napeta mchele. Nikakujibu kwamba majina yanafanana huko juu, nikachukua ungo nikatoka nje.

Ndiye, mwanangu. Ni yeye mwenyewe. Na hajamla kaka yako.

Sasa nisikilize vizuri, nitakwenda polepole.

Kaka yako Ambakisye nilimzaa hapa hapa. Alikuwa na miezi minane baba yako alipopata kazi ya kupasua mbao kule Makete, akasema twende wote. Tulipanda kwa miguu kutoka Matema pamoja na kina mama wanaopandisha vyungu na kushusha viazi. Mtoto mgongoni, vyungu vitatu kichwani. Sikuwa nimewahi kulala mahali ambapo ziwa halionekani. Tulifika mwezi wa tatu, mvua na ukungu, lakini jua likitoka ni jua, nikasema kumbe watu wanatishana tu. Tulipewa nyumba ya udongo ya chumba kimoja, jirani yetu wa ua kwa ua akiwa Mama Twilumba. Alikuwa na umri huu nilio nao mimi leo.

Mwezi wa nne na wa tano kijiji kizima kilikuwa kwenye nyumba zake. Wanaume wanapasua kuni na kuzipanga chini ya upenu mpaka zinafika dirishani. Wanawake wanakandika kuta, wanaziba nyufa, wanasokota majani makavu na kuyashindilia juu pale ukuta unapokutana na paa. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua mboga na kuwaangalia. Nilimwambia baba yako, hawa watu wanajiandaa kama wanangoja vita. Baridi niliyoijua mimi ni ule upepo wa ziwani wa wiki mbili tatu, unajifunika kanga ya pili, unapita.

Mama Twilumba alikuwa akipita na kuni zake anasimama.

"Kamwene, Mama Ambakisye. Huo mdomo wa nyumba utaufunga lini?"

Alikuwa anausema ule uwazi wa chini ya paa. Huku kwetu tunauacha makusudi, wewe unajua, bila huo uwazi mtu ataiva kama ndizi kwenye shimo. Nikamjibu, "Nyumba lazima ipumue, mama."

"Haya. Yenyewe itapumua, ninyi mtakohoa."

Aliondoka anacheka. Nami niliona ananidharau, kwamba mtu wa Nyasa hajui nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kitu nilichokuwa nakiogopa kuliko njaa ni kuambiwa sijui nyumba. Bibi yako, mama wa baba yako, tangu nilipoolewa alikuwa anasema huyu Mkisi mikono yake imejaa udongo wa vyungu lakini sakafu yake haijui udongo. Maneno hayo alikuwa akiyasema mbele ya watu.

Basi mwezi wa sita ikaja habari kwamba bibi yako anapanda na watu wa viazi kuja kumwona mjukuu. Baba yako alikuwa msituni, wakienda kambini wanakaa wiki mbili. Nikasema leo atajua kama najua nyumba. Nilichimba udongo wa mfinyanzi, mzuri, wa kijivu, nikauloweka, nikaipaka sakafu yote kama tunavyoipaka hapa kila Jumamosi. Nikarudia mara ya pili. Halafu nikachukua kokoto langu la kung'arishia vyungu, nikapiga magoti, nikaisugua sakafu kama chungu. Bupe, iling'aa. Ungeweza kujitazama.

Hapa kwetu ukipaka asubuhi, jioni watoto wanalala chali juu yake wanapoa. Kule siku ya kwanza haikukauka. Siku ya pili rangi ya juu ikageuka ikawa nyeupe-nyeupe. Sasa wewe umekulia kwenye vyungu, unajua tunavyopima. Hatutazami rangi. Chungu unakiweka shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji, ukikitia motoni kitapasuka. Kikiwa hakina baridi, kimekauka. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijaota meno ya pili. Nami niliinama nikaweka shavu kwenye ile sakafu. Ilikuwa ya baridi, baridi ya kuuma. Lakini kule kila kitu ni cha baridi! Sufuria ni ya baridi, ukuta ni wa baridi, pua ya mtoto ni ya baridi. Nikasema hii ni baridi yao tu, siyo maji. Kitu pekee nilichokuwa nakijua kuliko watu wote wa kijiji kile, ndicho nilichokidharau siku hiyo.

Bibi yako akafika. Akasimama mlangoni akatazama chini, akasema, "Leo umeipaka nyumba." Hakuwa amewahi kunisifu, na hajanisifu tena hivyo mpaka leo. Kitanda kilikuwa kimoja cha kamba, nikamwachia yeye. Mimi na mtoto tukalala chini juu ya mkeka na shuka moja.

Asubuhi yake Mama Twilumba alikuja kumsalimu mgeni. Aliingia, akavua kandambili, akakanyaga, akasimama. Akatazama mkeka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bibi yako asisikie, "Umepaka lini?"

"Majuzi."

"Mwezi wa sita hatupaki, mwanangu. Udongo haukauki mpaka mwezi wa tisa. Mlete mtoto alale jikoni kwangu."

Nikamwambia mtoto wangu ana nyumba.

Akaenda akarudi na ngozi ya kondoo, kubwa, ya manyoya mengi. "Basi mlaze juu ya hii. Mkeka unapitisha." Ngozi ilikuwa inanuka kondoo hasa, bibi yako pale kitandani akaziba pua. Nikasema asante mama, ndaga, nikaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na alipoondoka tu nikaitundika nje kwenye wigo. Ilikaa huko ikalowa umande.

Usiku wa nne mtoto alianza kukohoa. Wa tano mbavu zikawa zinaingia ndani akivuta pumzi. Nilimbeba mpaka zahanati, muuguzi akamsikiliza, akasema mapafu, akamchoma sindano, akaniuliza, "Analala wapi huyu mtoto?" Alikuwa dada mpole tu, ananiuliza kwa kutaka kujua. Nikamjibu, "Kitandani." Niliona aibu, Bupe. Ningesema chini kwenye udongo mbichi, angeniambia la kufanya. Nilirudi naye nikamlaza pale pale. Siku ya pili yake jioni akafariki. Kaburi lake liko huko, chini ya kanisa, upande wa miti.

Watu walipotawanyika, bibi yako akaniuliza, "Nani na nani waliingia humu ndani?" Swali la kawaida la msiba, unajua. Nikasema hakuna mtu. Akasema fikiri vizuri. Nikasema, "Ni huyu jirani tu. Alileta ngozi."

Nilisema hivyo tu. Sikusema ameroga. Miaka yote hii nimejitetea na hilo, kwamba neno uchawi halikutoka kinywani kwangu. Lakini nilimwona bibi yako anavyogeuza macho kuangalia wigoni, nikajua anachowaza, nikanyamaza. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mama, sakafu ilikuwa na maji. Sikusema, maana sakafu ilikuwa yangu.

Bibi yako akalitoa neno nje, kijiji kikaamini. Hawakumpiga, Mungu alisaidia. Waliacha kumwitikia tu. Akisema kamwene watu wanatazama pembeni. Siku za kulimiana hakualikwa. Mkwe wake akachukua watoto akahama nao. Mimi nilikuwa nikimwona anapasua kuni peke yake. Siku tunashuka alikuwa mlangoni kwake, akaniangalia, nami nikajifanya nafunga mzigo. Tukashuka, na hadithi ikashuka na sisi. Wewe umekua nayo kama unavyokua na jina. Kanisani nimetubu mengi, hata sukari niliyoficha wageni wasiione, lakini hili nililiruka kila mara.

Leo asubuhi nimemwambia baba yako. Alikuwa anashona wavu. Nimemwambia yote kama nilivyokuandikia, sakafu, shavu, kitandani. Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Mkeka niliuchoma mimi. Nilipotoka msituni niliukunja, ulikuwa umeoza upande wa chini."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na mimba ya Bupe," akasema. "Ningesema, ningewapoteza wote." Halafu akaniomba nimpe kisu.

Tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, kila mmoja na ukimya wake, na bibi wa watu kule juu ndiye anayetulipia. Kwa hiyo usidhani ni mimi peke yangu, ingawa ni mimi niliyeanza. Bibi yako nitamwambia kesho mkishaondoka. Atapiga kelele. Acha apige.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini ni leo na si siku nyingine. Nyumba ile ya kilimani inanitisha. Matofali yasiyo na lipu yanakunywa ukungu kama sifongo, asubuhi ukuta unatoa jasho ndani. Bila dari moto wako wote unapanda kwenye bati, unageuka matone, yanakurudia kitandani. Utasema utawasha mkaa ndani na kufunga mlango. Usithubutu, huo unaua wakubwa na wadogo pamoja. Ungekuwa na mwaka mzima ningesema haya, utairekebisha. Lakini sasa ni mwezi wa tano umeshafika katikati. Jua la kukaushia lipu huko limebaki la siku chache, na kitakachopakwa baada ya hapo kitabaki na maji yake, wakikupakia mafundi hodari au ukipaka wewe. Kuni utakazonunua sasa zitakuwa za mwaka huu, mbichi, zinatoa povu na moshi tu. Kuni za baridi hukatwa mwaka mmoja kabla. Na mwanao atatimiza miezi sita mwezi wa sita.

Nyumba ya Mama Twilumba ina kuni za mwaka jana. Baba Ambokile mwenyewe alisema zimefika dirishani, hakujua anachokitaja. Ina dari, moshi umeikausha miaka na miaka. Anajua siku ya kuziba na siku ya kuacha. Nakuomba umwambie mume wako avunje mpango wa ile nyingine, hata kama ameshapewa ufunguo. Shukeni kwenye basi mwende kwa bibi huyo moja kwa moja. Na akikwambia jambo lolote la nyumba, hata kama linanuka, lifanye kwanza, ulizia sababu baadaye. Mimi niliulizia sababu moyoni mwangu na nikajijibu mwenyewe.

Unaweza kukasirika. Unaweza kufika njia panda ya Isyonje ukaona bora urudi uje kunigombeza. Nimefikiri hata hilo. Lakini kazi yako usiiache kwa sababu yangu, hasira itasubiri, mimi niko hapa hapa na vyungu vyangu, siendi popote.

Lipo moja tena, na hili ndilo gumu zaidi kukuomba. Mama Twilumba hasomi, na mume wako anasema macho yake yameingia ukungu. Ukishapumzika, umlaze mtoto, uketi naye umsomee barua hii. Yote. Usiruke pale pa wigo, usiruke pale pa "alileta ngozi". Kama kuna neno hajalielewa kwa Kiswahili, mume wako ameshaanza kujifunza Kikinga chao, amsaidie. Mwambie aliyeandika ni yule Mama Ambakisye wa vyungu. Mwambie akitaka jambo hili lisemwe kanisani kwao, au mbele ya mkwe wake, nitapanda mwenyewe, mguu wa baba yako ukikubali tutapanda wawili. Na akisema hataki kuwaona, nyumba ni yake, ana haki, msimlazimishe. Hapo mtarudi kwenye ile ya kilimani, nami nitakuja kukaa na wewe msimu wote tumshike mtoto kwa zamu, asiguse chini.

Mvua inaanza tena, na naona mwanao anajinyoosha. Nasikia Tumpe anacheka kule njiani, mnakuja. Naifunga.

Ukimaliza kumsomea, nipigie pale pale, usingoje mtandao uwe mzuri, panda hata juu ya jiwe. Nieleze alivyosema, kwa maneno yake mwenyewe. Akinitukana, niletee tusi lote lilivyo. Usilipunguze kwa kunionea huruma.

Ni mimi mama yako,
Mama Bupe